Kinachokula Batri ya Jeep ya Papa

Jumatatu, 1 Septemba 2025

Jeep imekataa tena kuwaka. Tumeisukuma mpaka karibu na soko ndipo ikawaka – mimi, Mama, majirani. Aibu tupu! Papa anasema fundi wetu, Yaya Kalume (yaya, maana ni kama kaka yangu mkubwa), alipoitengeneza mwezi jana alichukua batri nzima, akaweka mbovu. "Huyu njo mwizi!" Nina diploma ya umeme tangu mwezi wa nane, lakini mbele ya Papa sauti inanipotea.

Jumatano, 3 Septemba

Ajabu. Jana, baada ya kuendesha siku nzima, Papa aliingiza batri nyumbani, ikalala chini ya kitanda chake, kama wengi hapa mtaani Kasuku wanavyofanya kwa kuogopa wezi. Leo jeep imewaka mara moja! Jumapili usiku batri ililala ndani ya gari – ikafa. Papa anasema basi Kalume anakuja usiku kuinyonya umeme garini. Mimi nasema hapana. Batri mbovu ingekufa hata chini ya kitanda. Kuna kitu ndani ya gari kinachokula umeme.

Kimewekwa na nani? Sijamwambia mtu.

Ijumaa, 5 Septemba

Yaya Kalume amekuja kujitetea. "Papa Paul, batri yako sikugusa. Hata skrubu moja!"

"Utamwambia chefu wa mtaa kesho. Halafu polisi."

Polisi, wakati huu wa vita! Anayeingia hatoki upesi.

Mama alikuwa anatwanga sombe, majani ya mhogo. Mchi ulisimama hewani. Hakumtazama fundi hata mara moja. Kwa nini?

Jumamosi, 6 Septemba

Papa amekwenda kumwita chefu. Nimefungua boneti. Nimetoa waya wa hasi kwenye batri, nikaweka balbu ndogo katikati. Ufunguo uko mfukoni mwangu, milango imefungwa – na balbu inawaka, maana yake umeme unavuja! Nikachomoa fyuzi moja moja. Zote. Bado inawaka.

Basi waya huo haupiti kwenye fyuzi. Nikaufuata kwa vidole: kutoka batri, chini ya zulia, mpaka kiti cha Papa. Simu! Imefungwa chini ya kiti, inachajiwa usiku na mchana. Ni simu ndogo ya Mama, ile aliyosema ilianguka mtoni. Nikapiga namba yake. Haikulia. Ilijipokea yenyewe, nikasikia pumzi zangu mwenyewe kwenye simu yangu.

Papa anakwenda mji wa Pangi kila wiki kwa jeep hii. Mama anapiga namba hii na kumsikiliza njia nzima, ajue yuko na nani.

Na kiungo cha waya kimefungwa kwa utepe wa mpira wa tairi, mizunguko mitatu, fundo ndani. Ni mkono wa Yaya Kalume. Yeye ndiye aliyenifundisha kufunga hivyo! Kumbe anajua kila kitu, na hata kwa kuogopa polisi hamtaji Mama.

Mama amekuja kwenye dirisha la jeep. "Divine, acha hiyo. Utajichafua bure."

Wameingia uani. Chefu, Papa, Yaya Kalume katikati. Naandika hapa ndani ya jeep, daftari juu ya magoti. Yaya Kalume ameniona. Anatikisa kichwa kidogo: usiseme.

Lakini ni yeye watakayemchukua!

Papa anaita jina langu. Nashuka. Simu iko mkononi, sijaificha.