Dawa Inayokwenda Shingoni

London, Novemba 1956

Mdogo wangu Namsifu,

Huu ni mwaka wa ishirini na mbili tangu niteremke kutoka Myamba nikapanda treni pale Same. Shikamoo yako imenifikia. Marahaba, mdogo wangu. Goti lako linaendeleaje? Na vuli imeanza kunyesha? Mimi ni mzima kwa namna nitakayokueleza, maana swali lako halijibiki kwa maneno mawili.

Umeandika kwamba tangu kaka yetu mkubwa afariki, nyumba yetu haijatoa mtu kwenye msaragambo, ile kazi ya kijiji kizima ya kusafisha ndiva, bwawa letu la kumwagilia mashamba, na mzee wa ndiva amesema mbele ya watu wote: "Huyo wa Ulaya jembe lake linalima barafu? Asipofika safari hii, zamu yenu ya maji tutawapa wanaofanya kazi." Nilicheka, kisha kicheko kikakatika. Bila zamu ile shamba la mama litakauka.

Unalikumbuka rovu la mama, ule uvimbe wa shingoni. Langu halikuonekana sana kwa nje, ila lilinikimbiza moyo na kunitetemesha mikono, hata nikawa navunja chupa katika maabara ninakoosha vyombo. Madaktari wa humo wanachunguza dawa ya iodini yenye mionzi. Mmoja alinieleza kwamba ukiinywa hupita mwilini kote, lakini tezi ya shingo ndiyo huivuta na kuiweka. Nikamwambia, "Naelewa. Kwetu maji ya ndiva hupita kando ya mashamba yote, yakaingia kwa mwenye zamu tu." Alifurahi, akawaita wenzake waje wanisikie.

Kwanza walininywesha kidogo, wakanilaza chini ya mashine yenye kalamu. Ikanichora shingo kwa nukta nyeusi, bila kunigusa kwa kisu. Nilijiona: vidimbwi viwili vilivyounganishwa na mfereji mfupi. Baadaye wakaninywesha ile ya kutibu. Mikono ikatulia. Nikanunua sanduku la safari ya kurudi.

Nilikuwa nimefikiri kama Mpare. Ndiva ukishamwagilia unaiziba, na asubuhi unaikuta imejaa tena. Sikuuliza kama na dawa hii inazibwa ikishafanya kazi yake. Miezi ikapita, nikaanza kusikia baridi hata kando ya moto. Uso ukavimba, sauti ikawa nzito, nikawa nasinzia nimesimama. Wakanilaza tena chini ya mashine. Kalamu ilikwenda na kurudi, ikaacha karatasi nyeupe.

"Tezi imekufa," daktari akasema. "Utameza vidonge kila siku maisha yako yote, nasi tutakuwa tunakupima."

"Nipe vya kutosha nikamezee nyumbani."

"Huko vitaharibika kwa joto. Na nani atakupima?"

Niliandikia hospitali ya Tanga, nikaandikia ya Moshi. Walijibu kwa adabu kwamba hawana vidonge wala kipimo. Nikajaribu kuviacha, nione kama mwili utazoea. Ilibidi wanibebe. Hapa natembea nitakako, nasoma magazeti, lakini nimefungwa kama mbuzi kwenye kigingi: kamba inaishia dirisha la dawa.

Basi fanya hivi. Siku ya msaragambo nenda wewe, na jembe langu lililo darini. Mpelekee mzee wa ndiva barua hii, umwambie zamu sasa ni yako, mimi asinitaje tena. Akisema wewe ni mwanamke, mwulize nani amelima shamba lile miaka yote hii.

Nisalimie shemeji, mume wako. Mama mdogo mwambie makande yake sijayapata kwingine. Na mwalimu anayekusomea barua hizi, ambaye nadhani hapa ameinua macho akutazame, mwambie amalizie.

Lile sanduku nimempa jirani. Sitarudi.

Kaka yako,
Zefania