Mdomo wa Njano

Jumatatu, 13 Machi

Lambo tena, kabla jua halijawa kali. Picha nyingi, za maana chache. Yangeyange wawili bega kwa bega, weupe wote. Nimewatenganisha kwa mdomo: mmoja wa njano, mwingine mweusi. Mdomo haudanganyi. Nimejisifu mwenyewe, maana hakuna mwingine wa kunisifu.

Mama yuko juu ya dungu tangu alfajiri, anaamia ndege. Mtama umetoa masuke. Bibi shamba wa kata nzima ni mimi, na shamba la mama yangu linalindwa kwa debe na koo. Anasema kelele hizo ni mazoezi ya kwaya. Ndiye anayeanzisha nyimbo kanisani, na kwa hilo anajua kujivuna.

Alhamisi, 16 Machi

Wafugaji wameleta habari. Ndege wamejenga kwenye matete ng'ambo ya lambo, wengi mno. Mkuu wangu wa wilayani anataka picha na jibu moja: ni kwelea, wale wanaomaliza mashamba, au si kwelea. Wakiwa kwelea, ataomba rubani aje kunyunyizia sumu.

Mwaka juzi walinyunyizia kule kwenye migunga. Bundi walidondoka, vipanga walidondoka, na watu wakaokota ndege wafu kwa ndoo wakawakaanga. Nilipita nyumba kwa nyumba nikimwaga vikaango vya watu. Nilitukanwa mpaka basi. Na hapa ng'ombe wanakunywa maji ya lambo hilohilo.

Ijumaa, 17 Machi

Nimepiga picha kutoka mbali. Maji yamejaa, sikuweza kusogea. Mawingu. Mwanga unatokea nyuma ya ndege. Nyumbani nimezikuza hadi zikapoteza sura.

Majike: kahawia, michirizi mgongoni, mdomo wa njano iliyofifia. Kwelea ana mdomo mwekundu, hata mtoto wa shule anajua. Madume machache, uso mweusi, wekundu kidogo kifuani, wote wamegeuza vichwa. Kweche dume, ndege mdogo wa mashambani, naye ana uso mweusi, na huwa na wekundu kidogo hivyo anapobadili manyoya. Kweche anadokoa mtama, lakini hamalizi shamba.

Nimeandika: kweche. Mkuu kauliza, "Una uhakika, Kabula?" Nikasema ninao.

Nilitaka wawe kweche. Hilo naliandika hapa kwa kuwa hapa hakuna atakayelisoma.

Jumapili, 2 Aprili

Mama kaanzisha wimbo, sauti ikakwaruza katikati. Watu wakacheka, naye akacheka. Nimemchemshia tangawizi.

Mtama unajaa maziwa. Kaka yangu Masanja, anayechimba dhahabu Segese, amepiga tena simu kumtaka akaishi kwake. Mama hataki hata kusikia. Amesema maadamu ghala lina mtama, haondoki akaliacha kaburi la mzee. Nimefurahi. Nyumba hii bila yeye siiwezi.

Jumatano, 12 Aprili

Wamekuja. Kutoka upande wa lambo. Nilidhani ni moshi.

Mama juu ya dungu, mimi chini na kombeo. Ukiwafukuza kona hii, wanatua ile. Majirani nao wanapiga madebe, kila shamba. Mama akapiga kelele mpaka kelele zikaisha. Nikamwona mdomo unafunguka, mkono unagonga debe, sauti haitoki. Hakushuka.

Mchana masuke yote matupu. Mabua tu yamesimama. Kijiji kizima ni hivyohivyo.

Walikuwa na midomo myekundu. Nawachukia. Najichukia zaidi.

Alhamisi, 13 Aprili

Nimefungua picha zilezile. Pembeni kabisa, mahali ambapo sikutazama, dume ameinama kwenye kiota. Uso mweusi, mdomo mwekundu kabisa. Na aliyekaa kwenye kiota hichohicho ni jike wa mdomo wa njano.

Nimempigia mwenzangu wa Shinyanga mjini. Hakufikiri hata kidogo. Jike wa kwelea akifika kutaga, mdomo hugeuka njano. Akimaliza, hurudi mwekundu. "Hukujua?"

Sikujua.

Nimempigia na mkuu. Akasema: "Haya. Andika upya." Kuandika upya kutamlisha nani.

Nimemwambia mama. Nimemwonyesha. Ameishika kamera muda mrefu, ameisogeza karibu na macho. Akanong'ona, ndiyo sauti aliyobaki nayo, "Huyu ana mayai?" Nikasema ndiyo. Akanirudishia kamera, akaenda kufungua mbuzi.

Afadhali angenitukana.

Jumamosi, 22 Aprili

Masanja kaja kumchukua mama. Atakuwa akiwapikia wachimbaji, kwa umri ule. Nilimwambia mshahara wangu unatutosha. Akatikisa kichwa. Hajawahi kulishwa na mtu, na hataki kuanza na mimi. Hilo limeniuma kuliko yote.

Amepitia kaburini, hakukaa. Majirani wakamuuliza, "Mama Kabula, utarudi lini?" Akaonyesha koo lake kwamba halisemi, akatabasamu.

Sijagusa kamera.

Jumapili, 14 Mei

Jumapili hizi wimbo anauanzisha mwanamke mwingine. Anaanza chini mno, hatufiki popote.

Asubuhi, kabla ya ibada, nimempigia mama. Simu ikapokelewa na sauti nzito, inakwaruza. Nikadhani ni mmoja wa wanawake wanaopika naye. Nikaamkia, shikamoo, nikaomba nipewe Mama Kabula.

Sufuria zinagongana.

"Ndiye mimi, Kabula."

Nikasema mtandao mbaya. Akasema ndiyo, huku ni mbaya. Akauliza mbuzi wazima, nikasema wazima. Akauliza kama nimefagia kaburini kwa mzee. Nikasema nimefagia.

Kisha nikachukua ufagio, nikaenda kufagia.