Kilio cha Mama Byamungu Ndani ya Mchezo

Jumamosi, 6 Septemba 2014. Rubondo, kambi ya wakimbizi.

Mchungaji Kiongozi. Wazee wa Kanisa. Mwenyekiti wa zoni. Mashemasi. Umoja wa Wamama. Vijana. Wageni wetu, wa karibu na wa mbali.

Kila Jumamosi naandika mstari huu kwa ajili ya matangazo ya kesho, na kila Jumamosi naupanga kwa uangalifu uleule. Mtu akitajwa nyuma ya aliye chini yake, hasikii tena neno lolote litakalofuata. Nimekuwa katibu wa kanisa hili miaka minne. Kabla ya hapo nilifundisha Kifaransa huko Uvira. Kazi hizi mbili hazitofautiani sana.

Barua imefika kutoka Mbarara. Mchezo umekamilika. Bwana Tobias, mwenye mchezo huo, ananialika Jumatano nikautazame kabla haujatolewa kwa walimwengu. Ni mchezo wa kompyuta unaosimulia maisha ya wakimbizi. Mwezi wa sita alikuja hapa na fundi wake, Mugisha, wakarekodi sauti zetu. Mimi ndiye niliyewatafsiria. Sasa wanaomba kanisa litie sahihi karatasi ya ridhaa. Nasi tutapata kompyuta kumi na umeme wa jua kwa shule ya msingi.

Mchungaji amefurahi. Nami nimefurahi. Naliandika hili wazi, nisije nikajidanganya baadaye kwamba niliona mapema.

Jumatatu, 8 Septemba

Foleni ndefu kisimani. Pampu imelegea tena.

Jirani yangu, Mama Byamungu, hakuwepo. Nilimpelekea dumu moja la maji. Nimemkuta mkekani, chini, mgongo ukutani. Hakuniita nikae kitini. Kiti chake kimegeuzwa miguu juu, kama kinavyogeuzwa nyumba ikiwa na kilio.

"Mwalimu, bale bageni bako batarudi siku gani? Miye niko nabangoya. Magoti yangu inachoka na mukeka."

Nilisema watarudi. Nikatoka haraka.

Niandike ukweli wote, maana hapa hakuna wa kumficha. Kwetu, aliyechelewa msiba hasimuliwi msiba kwa maneno. Akifika, hata ikiwa ni baada ya miaka, mwenye msiba hukaa chini na kuanza kilio upya kwa ajili yake, na kuwaita waliokufa kwa majina yao. Mgeni hukaa naye mkekani. Mwishowe mgeni huyohuyo humshika mkono na kusema, "Imetosha, Mama." Hapo kilio kinafungwa, kiti kinageuzwa, maisha yanaendelea. Asiposema, kilio kiko wazi.

Mwezi wa sita, Tobias alimwambia kwamba ametoka mbali ili asikie habari za watoto wake. Mimi nilitafsiri. Mama Byamungu alisikia kile ambacho yeyote wa kwetu angesikia: waombolezaji wamefika, wamechelewa. Akakaa chini. Akawalilia Byamungu, Riziki na yule mdogo, Amani, wote watatu waliobaki njiani mwaka tulipokimbia. Tobias alishika kinasa sauti. Mama alipomaliza, Tobias alitabasamu, akamshukuru kwa Kiingereza, wakaenda kula sokoni Rwekubo.

Mimi nilijua. Nilitaka kusema, nikaona aibu kuwarudisha wageni kutoka kwenye gari. Aibu ya kijinga. Mama huyo amekaa chini miezi mitatu.

Jumatano, 10 Septemba. Mbarara.

Nimeuona.

Ofisi nzuri, ghorofa ya pili, mapazia, soda, biskuti. Tobias akiwa mchangamfu. Mugisha kwenye kompyuta.

Shujaa wa mchezo ni daktari kijana kutoka ng'ambo. Ana jina, ana marehemu baba anayemkumbuka, ana begi lenye vitu kumi na viwili. Sisi hatuna majina. Nimetazama kwa makini: nyuso zetu ni tatu tu, zimerudiwarudiwa kutoka kibanda hadi kibanda. Vibanda ni vya nyasi na mviringo. Hapa Rubondo hakuna nyumba ya mviringo hata moja. Mzee mmoja amevaa ngozi ya chui. Ngozi ya chui! Wazee wetu huvaa koti na tai, hata likiwa jua la kuua mbuzi.

Tunasema maneno matatu. "Asante." "Tusaidie." "Hatari." Nilitafuta mwalimu. Nilitafuta fundi cherehani, muuguzi, mchunga ng'ombe anayemtukana ng'ombe wake kwa jina. Hamna. Kuna watu wamesimama, mikono imelegea, wanangoja daktari aje awaonyeshe maji yalipo. Sisi ambao huko kwetu tulichimba visima kwa mikono yetu.

Hayo ningeyameza. Nimemeza mengi.

Kisha daktari akaanguka akibeba mtungi. Skrini ikawa nyekundu. Na ndani ya spika ikatoka sauti ya Mama Byamungu.

"Byamungu we, umeniacha na nani?"

Daktari akafufuka, afya tele. Tobias akajaribu tena, akaanguka tena. "Byamungu we, umeniacha na nani?" Akacheka uzembe wa vidole vyake. Akaanguka. Sauti. Akaanguka. Sauti. Daktari haachi kufufuka. Anayekufa upya kila mara ni mtoto wa jirani yangu.

Tobias akaniambia kwamba hiyo ndiyo sehemu yenye nguvu kuliko zote, kwamba kila aliyeisikia amesisimka.

Nina kinyaa. Kinyaa kama cha aliyekuta nywele ndani ya ugali aliokwisha kuula nusu. Na kinyaa kikubwa zaidi ni hiki: nilimaliza soda yangu. Nilisema, "Merci, ni kazi kubwa." Nilichukua biskuti ya pili.

Alhamisi, 11 Septemba

Sikula. Sikufanya kazi vizuri.

Nimefikiri sana juu ya mgeni ndani ya hadithi. Sitaki kusema kwamba mgeni asiwemo. Nitakuwa mnafiki. Sisi wenyewe ni wageni juu ya ardhi ya Wanyankole; tulipofika tulijifunza kuamkia "Agandi" kabla ya kujifunza bei ya chumvi. Tulijifunza ni nani wa kuamkiwa kwanza na ng'ombe wa nani hapitwi mbele. Mgeni anaweza kuwa mtu mzuri kuliko wote katika hadithi, mradi aulizwe, naye aulize.

Huyu daktari haulizi kitu. Anaingia nyumbani mwa watu bila hodi, anafungua masanduku, anachukua vilivyomo, na mchezo unamzawadia. Na hakuna anayemuuliza: wewe ni mtoto wa nani? Umetoka wapi? Umekula? Mtoto wetu wa miaka mitano angemuuliza. Kutuonyesha maskini si tusi; ni kweli tu maskini. Tusi ni kutuonyesha kama watu wasiojua kupokea mgeni.

Ijumaa, 12 Septemba

Nimewaeleza Mchungaji na wazee, nyuma ya kanisa, juu ya mabenchi. Nilisema kwa utaratibu, jambo kwa jambo.

Shemasi Lukas, mtu mnene, akauliza, "Mwalimu, na miye niko mu ule muchezo? Banaweka na kitumbo yangu?"

"Hapana, Shemasi. Kule sote tumekonda."

"Basi ile haiko Rubondo!"

Walicheka. Hata mimi. Kisha Mchungaji akakunja mikono.

"Mwalimu, sauti ni upepo. Inapita. Watoto betu bataandika mu vumbi mpaka siku gani? Kompyuta kumi, Mwalimu. Kumi."

Si mtu mbaya. Ana haki ya kulisema hilo. Nimeona madaftari ya watoto hao. Ndiyo maana nimekasirika zaidi. Ukishindana na uovu mtupu unalala vizuri. Mimi nashindana na kompyuta kumi.

Nimeuliza kama Mama Byamungu ameulizwa. Wakasema mambo haya ya mashini atayaelewaje. Basi hata sisi tumempa uso mmoja kati ya zile tatu.

Jumapili, 14 Septemba

Baada ya ibada, Mchungaji ametangaza: sahihi itatiwa Jumapili ijayo. Makofi. Vijana wamepiga vigelegele. Nimeagizwa niandike barua ya shukrani, kwa Kiingereza kizuri.

Mama Byamungu hakuja kanisani. Mwenye kilio haendi kwenye makofi.

Sijaandika barua.

Jumanne, 16 Septemba

Mugisha amekuja kwa pikipiki, ametumwa kuleta karatasi. Ni kijana wa Mbarara, mtoto wa askari, amekulia kambi ya jeshi. Kiswahili chake ni cha kambini, kigumu kama buti. Sikupokea karatasi. Nilimwambia kwanza tuende kumsalimu mtu.

Nilikuwa nimeamua. Nilikaa chini mkekani, nikamwambia Mama Byamungu yote: kwamba wale hawakuwa waombolezaji, kwamba sauti yake imewekwa ndani ya mchezo, kwamba mtu akishindwa, yeye hulia. Na kwamba mimi niliyajua ya kwanza tangu mwezi wa sita. Nilingoja anifukuze.

Hakukasirika. Alikunja ncha ya kitenge chake.

"Kwa hiyo kule miye niko nalia mpaka leo?"

"Ndiyo, Mama."

"Kila siku?"

"Kila mtu anapocheza."

"Na nani ananinyamazisha kule?"

Niligeuka nikamtazama Mugisha.

Mugisha alikuwa bado amesimama mlangoni na kofia yake ya pikipiki. Akaiweka chini. Akavua viatu. Akakaa.

"Mama, mimi iko na makosa. Bosi alisema hii ni muziki, mimi nikaweka. Lakini nilijua. Kambini, wakileta maiti ya askari, wamama nalia namna hii. Mama yangu alilia namna hii. Nilijua hii kitu."

Alikaa naye karibu saa nzima. Mama Byamungu hakulia. Alimuuliza mama yake yuko wapi, baba yake alifia wapi, amekula nini leo. Akanituma nilete viazi. Kijana alikula akiinamisha kichwa.

Nilimweleza Mugisha neno linalofunga kilio, na kwamba yeye, kwa kuwa alikuwepo mwezi wa sita, anaweza kulisema. Nilitaka sana aliseme. Nilitaka Mama ainuke, kiti kigeuzwe, na dhamiri yangu ipumzike.

Alimshika mkono. Akafungua kinywa. Akatikisa kichwa.

"Siwezi, Mama. Nitasema imetosha, na kule Mbarara bado inalia. Hiyo itakuwa uongo."

Mama Byamungu akampiga begani, polepole, kama anayempongeza mtoto aliyekataa kuiba. Mugisha ameondoka na karatasi yake, bila sahihi. Alisema hana ruhusa ya kuitoa sauti bila amri ya Tobias, lakini atamwambia usoni. Huenda akafukuzwa.

Katika siku hizi zote, ndiye mtu wa kwanza asiyenitia kinyaa. Wengine wote wananitia, nikiwemo mimi.

Jumamosi, 20 Septemba

Nimeandika mstari wa kesho. Nimeufuta. Nimeuandika tena.

Mchungaji amepita kuuliza barua ya shukrani. Nilimwomba anijibu jambo moja tu: nyumba ikiwa na kilio wazi, anayeamkiwa kwanza mkutanoni ni nani? Akajibu bila kufikiri: mwenye msiba, kabla ya mchungaji, kabla ya chifu, kila mtu anajua. Nikamwambia basi miezi mitatu tumekuwa tukiamkiana vibaya, na aliyeandika mstari huo ni mimi.

Akauliza kwa sauti ya chini, "Yuko mukekani mpaka sasa?"

"Mpaka sasa."

Aliondoka bila kuaga. Nimemwona akipinda kwenye njia ya kisima, inayopita kwa Mama Byamungu, si ya nyumbani kwake.

Jumapili, 21 Septemba

Mvua ndogo asubuhi. Kanisa limejaa. Mchungaji alinipa nafasi ya matangazo na kuketi. Nanakili hapa nilichosoma, ili kisibadilike mdomoni mwa watu.

"Mama Byamungu, mwenye msiba, ambaye hayupo nasi kwa sababu tunayoijua na tuliyojifanya hatuijui. Mchungaji Kiongozi. Wazee wa Kanisa. Mwenyekiti wa zoni. Mashemasi. Umoja wa Wamama. Vijana. Wageni wetu.

"Wapendwa, tuliletewa karatasi. Ndani yake kuna kompyuta kumi, na tunazihitaji; asiwepo wa kusema hatuzihitaji. Ndani yake pia kuna kilio cha mama mmoja, nacho si mali ya kanisa kukitoa. Hatumkatazi mgeni kusimulia habari zetu. Tunamwomba abishe hodi.

"Mimi nilitafsiri maneno na nikaacha kutafsiri desturi. Kosa hilo ni langu. Naomba msamaha mbele yenu, kama nilivyouomba mkekani.

"Baraza la wazee limekutana asubuhi hii, na limeamua hivi. Karatasi haitatiwa sahihi. Jumanne watu watatu watapeleka barua Mbarara: sauti itolewe, na Bwana Tobias mwenyewe aje akae chini na kusema neno lake. Kompyuta zikiondoka kwa ajili ya hilo, ziondoke. Mpaka siku hiyo Mama Byamungu hatakaa peke yake. Kila nyumba ya Rubondo itakuwa na siku yake mkekani, kwa zamu, na orodha imebandikwa mlangoni. Kila mmoja, akitoka, asome jina lake."

Hakukuwa na makofi. Watu walitoka taratibu, wakasimama mbele ya orodha. Shemasi Lukas aliwasomea wasiojua kusoma.

Kompyuta hazitakuja, nadhani. Kijana mmoja ameniambia hivyo kwa uchungu, na sikumbishia.

Mchana nilipita na dumu la maji. Kiti bado kimegeuzwa miguu juu. Viatu vya Mchungaji vilikuwa mlangoni, vimepangwa vizuri. Zamu ya kwanza ni yake. Ya kesho ni yangu.