Siku Gari Lako Lilipokosa Mwenyewe

Baba Zuhura, mume wangu,

Salamu zangu zikukute kwenye rehema za Mola. Huku Visiga tumeshasoma dua ya arobaini yako. Watu wamekula, wametawanyika, na mikeka ya kuazima nimeirudisha kwa wenyewe. Nimekaa na kalamu, naandika kwa herufi zile zile za Kiarabu za chuoni alizonifundisha baba, kwa sababu kwenye arobaini yako limesemwa neno ambalo wewe ulistahili kulisikia kuliko sisi sote. Umelikosa kwa siku arobaini tu. Hilo linanitia aibu hata sijui nianzie wapi.

Acha nianzie kwenye baiskeli.

Unakumbuka baba alivyosita uliponiposa. Yeye mwalimu wa chuo cha Kurani huko Kisarawe, mtu wa kuozesha na kuzika, na wewe dereva wa lori la mkonge, mikono myeusi kwa grisi. Kilichomlainisha ni baiskeli yako. "Angalau ana kitu chake," alimwambia mama. Baiskeli hiyo ndiyo uliyoondoka nayo asubuhi kwenda Kongowe kununua mafuta ya taa, na alasiri nikasikia kelele za wanaume njiani. Nikatoka na mwiko mkononi. Walikuwa wanasukuma gari. Wewe ulikuwa unatembea ubavuni mwake, mkono mmoja umeshika usukani, uso umekunjuka kama bwana arusi.

"Baiskeli iko wapi?" nikakuuliza.

"Nimebadilishana na Mhindi wa duka."

"Kwa hiki?"

"Mwantumu, hili ni gari la mbio," ukasema taratibu, kama mtu anayemtambulisha mgeni mheshimiwa.

Mzungu mmoja aliyerudi kwao alikuwa amemwachia yule Mhindi gari hilo, naye akalitupa nyuma ya duka. Halikuwa na paa. Rangi ilikuwa imebanduka kama magamba. Viti vililiwa na panya, na ndani yake kulikuwa na kuku wawili wanaoatamia, ambao Mhindi alikuja kuwadai kesho yake mbele ya majirani wote. Siku hiyo nilitamani ardhi ipasuke. Mume wa mtu ametoka na baiskeli nzima inayokwenda, amerudi na banda la kuku lisilokwenda.

Kisimani wanawake walinipokea kwa kicheko. "Mama, leo mmeokota mayai mangapi kwenye gari?" Nikaanza kwenda kuchota maji jua la utosini, wakati wenzangu wamelala. Ndugu zangu wakija kutoka Kisarawe, nililifunika gari kwa makuti. Ulikuwa unayaondoa bila kunigombeza, unayapanga pembeni, kisha unalipangusa vumbi. Ungenigombeza ningepata la kujibu. Kimya chako ndicho kilichonifanya nione haya.

Kila jioni ukitoka kazini ulikuwa chini ya gari. Ulisugua kutu kwa mchanga na makumbi ya nazi. Tangi lililovuja uliliziba kwa sabuni, mpaka ulipopata mtu wa kulichomelea. Viti ulivishona kwa magunia ya mkonge ukavijaza sufi, na hapo mimi nilisaidia, kwa sababu mishono yako ilikuwa inachekesha. Nilikuuliza kwa nini unajisumbua na kitu kilichokufa. Ukanijibu ukiwa chali, naona miguu tu: "Halijafa hili. Limesusa. Mwenyewe alilipiga mbio, lilipochoka akalitupa. Hata wewe ungesusa."

Jumapili lilipokubali kuwaka, kuku wa mtaa mzima waliruka juu ya mapaa. Lilipiga kelele, likatoa moshi, likazima, likawaka tena, likatulia likanguruma kama paka aliyeshiba. Wanawake wale wale wa kisimani walipiga vigelegele. Ulinipakia tukaenda na barabara ya Morogoro, nami nimejifunika uso kwa kanga. Mwanzo nilijifunika kwa haya. Baadaye nilijifunika nisionekane ninavyocheka.

Zuhura alipozaliwa, baba alikuja kumfanyia akika. Siku ya kuondoka alikuwa na arusi ya kuozesha Kisarawe baada ya adhuhuri, na basi halikutokea. Alisimama njiani, amevaa kanzu iliyopigwa pasi, anatazama jua. Wewe, ambaye kwa heshima ya ukwe hukuwahi hata kukaa naye mkeka mmoja, ulisogea ukiwa umeinamisha macho.

"Baba, kama hutajali, gari lipo."

Akalitazama. "Litafika?"

"Litafika, inshallah."

Baba akakaa mbele. Mimi na Zuhura tukakaa kwenye kile kiti cha nyuma kinachofunuliwa kama mfuniko wa sanduku. Mkwe na mkwewe bega kwa bega, nafasi ya kukwepana hakuna! Baba alishika kofia yake upepo usiichukue. Tulipoacha barabara kubwa na kushika njia ya Kisarawe, penye mikorosho, nikamsikia anakuuliza:

"Hili umelitengeneza mwenyewe?"

"Kwa mkono wangu, baba."

"Mashallah."

Nilikuwa nyuma yako, niliona shingo yako tu. Ilinyooka. Sijawahi kukuona umekaa vile, si kabla wala baada.

Na tulikuwa karibu kufika, Baba Zuhura. Mpando ule wa mwisho ndio uliobaki. Pale pembeni palisimama gari la Mzungu mmoja na askari wawili. Mzungu akanyoosha fimbo. Ukasimama. Akalizunguka gari letu polepole, akaligonga boneti kwa fimbo yake.

"Gari ya nani hii?"

"Yangu, bwana."

Akacheka, akawatazama askari nao wacheke. "Umeiba wapi?"

"Sikuiba, bwana. Karatasi ninazo."

Hakuzitaka karatasi. Alimwambia askari akupeleke ndani, na gari likae pale mpaka ijulikane limetoka wapi. Askari akafungua mlango wako. Zuhura akaanza kulia. Nilikuona ukimtazama baba, kisha jua, kisha mimi na mtoto. Ukashusha pumzi, na sauti iliyotoka haikuwa yako.

"Samahani, bwana. Gari la bwana wangu. Mimi dereva wake, nampelekea."

Mzungu akamgeukia baba. "Wewe, mzee. Kweli hiyo?"

Baba akavua kofia. Sikuwahi kukiona kichwa cha baba kikiwa wazi mbele ya mtu baki. Akaishika kofia kifuani kwa mikono miwili.

"Kweli, bwana. Huyu dereva tu."

Hiyo "tu" hakuna aliyemwomba aiseme. Mimi niliisikia, na najua wewe uliisikia.

Mzungu akasema gari la bwana halibebi washenzi, tushuke. Tukashuka. Wewe ukaamriwa uende peke yako. Ulitupita mpandoni, gari tupu, mtoto wako analia mgongoni kwangu, baba anatembea na viatu mkononi, kanzu imeanza kushika vumbi jekundu. Hukugeuza shingo, kwa sababu wale walikuwa bado wanatazama. Vumbi lako lilitufunika sote, na baba hakulipangusa.

Alifika, akaozesha. Sauti yake haikutetemeka. Lakini mmoja wa wale askari alikuwa ameoa Kisarawe, na pilau ilipotengwa habari ilikuwa imeshafika kabla ya sahani. Niliwasikia wanaume barazani kutoka nilipokaa na wanawake.

"Kumbe lile gari si lake!"

"La bwana wake. Kasema mwenyewe kwa mdomo wake."

"Na sisi tulivyoambiwa kalifufua kwa mkono wake!"

Kisha wakanyamaza, kwa sababu baba alikuwapo, na wote walimgeukia yeye. Mtu aliyepanda gari hilo, aliyekuwapo pale. Neno moja lake lingetosha. Baba alimeza tonge lake. Akachota jingine.

Ulikuwa umekaa karibu na mlango. Ulinawa mikono, ukatoka nje, ukakaa kwenye gari mpaka nilipomaliza kuaga.

Njiani kurudi uliniambia jambo moja tu: "Baba yako alikuwa na haki ya kuogopa." Hukuongeza, wala hukulirudia maisha yako yote.

Visiga nako maneno yalifika. Wakakuita dereva wa bwana asiyeonekana. Vijana walikuuliza bwana wako anakuja lini. Hukulitoa tena barabarani. Ulilikosha, ukaliwasha lingurume kidogo pale pale uani, ukalizima. Baba hakuja tena kwetu. Akawa anatuma salamu kwa kaka zangu. Na wewe kila Idi ulimpelekea sukari na kanzu, kwa mikono ya hao hao kaka zangu. Kila mmoja wenu alimwonea mwenzake haya, na mimi niliwaonea haya wote wawili. Nikiwa na wewe nilikuwa binti wa aliyenyamaza. Nikiwa na baba nilikuwa mke wa aliyedhalilika. Sikupata pa kukaa nikawa Mwantumu tu.

Kisha kikaja kile kikohozi, masika haya, na mambo yako yakaenda haraka. Baba alikuja kwenye maziko. Alisimama nyuma ya watu wote, hata hakuomba aongoze dua, watu wakadhani ni uzee.

Sasa sikiliza kilichotokea kwenye arobaini.

Dua ilikwisha, chakula kikaliwa, watu wa Kisarawe nao wakiwapo. Mzee mmoja wa jirani, wala hakuwa na ubaya, akaliangalia gari lako pale uani akasema, "Na hili jamani, bwana wake akija kulidai atamdai nani?" Wengine wakatabasamu. Nilikuwa mlangoni na birika la kunawisha. Nikamwona baba anainuka, anajishika kwenye nguzo.

"Gari lile ni la mkwe wangu," akasema.

Waliokuwa wanatabasamu wakamgeukia.

"Nilimuuliza njiani akaniambia kalitengeneza kwa mkono wake. Nikamwambia mashallah. Hatua chache mbele nikaulizwa na Mzungu, nikasema huyu dereva tu. Yeye alidanganya ili mimi niwahi kuozesha, na mtoto asilale njiani. Mimi nilidanganya kwa woga. Mnaweza kunisamehe woga. Lakini siku ile barazani mliponitazama, hapakuwa na Mzungu. Palikuwa na nyinyi, ndugu zangu, na pilau. Na bado nikanyamaza. Nimewachapa watoto wenu kwa uongo mdogo kuliko huo."

Mtu mmoja akanong'ona, "Mungu amsamehe marehemu."

"Marehemu hana kosa," baba akasema kwa ukali. "Msimwombee msamaha kwa jambo langu."

Hakuna aliyeinua uso. Mzee yule wa jirani alikuwa anachoma mkeka kwa kidole. Nilikuwa nimesharudi kwa wenzangu kusugua masufuria baba alipotoka, akaja uani. Wanawake waliozoea kumbusu mkono walisogea wakampisha, wasijue watazame wapi. Akasimama mbele yangu.

"Mwanangu, nisamehe kwa niaba yake."

Mikono yangu ilikuwa na majivu mpaka viwiko. Nilisema, "Baba, kaa ule." Ndilo lililotoka. Hakukaa. Aliondoka na basi la jioni bila kutia kitu mdomoni.

Nikuambie yaliyomo moyoni mwangu, maana wewe hukuwa mtu wa kunicheka. Nilipomwona baba ameinamisha uso mbele ya watu, kuna kitu ndani yangu kilifurahi. Kwa muda wa kufumba na kufumbua nilisema, naye aonje. Kisha nikaona vidole vyake kwenye nguzo, vidole vilivyonishika mkono nikiandika alifu ya kwanza, nikaona aibu kama ya mtu aliyevuliwa nguo sokoni. Na chini ya aibu hiyo kuna nyingine isiyoondoka: kwamba uliishi nasi, ukala nasi, ukakohoa mbele yetu, na wote tuliokupenda tukasubiri ufukiwe ndipo heshima yako itamkwe. Watu sasa wanapita uani wanaligusa gari, wanasema, "Kumbe alikuwa fundi." Nawakaribisha vizuri. Nawajibu vizuri. Wakiondoka nakaa chini kwanza kabla sijaweza kufanya kazi nyingine.

Nimefikiri sana cha kumjibu baba. Ijumaa nitamchukua Zuhura tuende Kisarawe. Nitamwamkia, nitambusu mkono, nitakaa naye ale. Nitamwambia kwamba mimi, kwa upande wangu, nimemsamehe, na nitakuwa nasema kweli. Kwa niaba yako sitasema kitu. Huo msamaha ni wako, umekwenda nao, na mimi mkeo sina ruhusa ya kuutoa. Kama ulishamsamehe njiani siku ile ile, hukuniambia. Kama hukumsamehe, hukuniambia pia.

Lala salama, mume wangu. Mtoto hajambo.

Ni mimi mkeo,
Mama Zuhura