Goti la Saruji

Jumatatu, 9 Juni

Nimerudi nyumbani. Nyumbani – lakini si kwangu tena. Chumba chetu cha kulala kimekuwa wodi: kitanda cha hospitali chenye mpini wa kuzungusha, nguzo ya dripu, friji ndogo ya dawa, sanduku la manjano la kutupia sindano. Kitanda chetu cha ndoa wamekisimamisha ukutani sebuleni, miguu nje kama ng'ombe aliyeanguka. Mke wangu amehamia chumba cha nyuma, walikolala mapacha wetu kabla hawajaolewa. Anasema godoro la huko ni zuri. Hajawahi kulisifu.

Niyaweke mambo kwa mpangilio. Goti la chuma nililowekewa miaka ile liliingiwa na bakteria. Bakteria wakishashika chuma hujijengea utando, kama ute unaoteleza ndani ya mtungi usiosuguliwa. Dawa hupita juu, haizami. Kwa hiyo daktari amekitoa chuma, na mahali pake ameweka kipande cha saruji iliyochanganywa na dawa. Saruji kweli, si mfano! Hakikunjiki wala hakikunjuki. Kazi yake ni kuzuia mfupa usikae juu ya mfupa. Damu ikisafika, napata goti jipya. Isiposafika, mguu unakatwa.

Dawa yenyewe huingia kwa mrija mwembamba uliopitishwa mkononi, juu ya kiwiko, ncha yake karibu na moyo. Asubuhi nesi anakuja kuunganisha chupa. Chupa ya jioni, na zote za Jumapili, ni kazi ya mke wangu. Ndiyo maana mpango huu wa kutibiwa nyumbani unadai mtu mzima wa nyumbani aliye radhi. Asipokuwa radhi – narudi wodini. Nikipata homa – narudi wodini.

Sirudi. Kwenye kitanda cha pembeni yangu kule alikuwa fundi saa. Walimkata mguu. Alipozinduka akauliza viatu vyake viko wapi. Wakamletea. Jozi nzima.

Jumatano, 11 Juni

Nesi amemfundisha mke wangu kazi ya chupa. Ndani yake mna puto. Puto hunywea polepole na kuisukuma dawa, hakuna haja ya umeme. Jambo rahisi, ukilieleza kwa utaratibu. Nesi akauliza, Mama, umeelewa? Nikamjibia kwamba nitamweleza mwenyewe baadaye, Mama Pacha hashiki kitu kwa mara moja. Nesi akatazama viatu vyake. Mama Pacha akatabasamu.

Jioni nilimrudisha kwenye sinki mara tatu. Mara ya kwanza alisahau vidole gumba. Mara ya pili alijifutia kwenye gauni. Mara ya tatu hakukosea, lakini mazoezi hayadhuru. Jirani yetu wa mlango wa pili alikuwa amekuja kunijulia hali, kakaa kwenye stuli, anaona yote. Nikaona si vibaya kuwaeleza wote wawili habari za uchafu wa chini ya kucha.

"Mwalimu," mke wangu akasema (huniita hivyo tangu uchumba), "na hiyo mikono ya kukupangusa ukitoka haja, niioshe kabla au baada?"

Jirani alicheka mpaka akatoka nje kukohoa.

Ijumaa, 13 Juni

Daktari hupiga simu ya picha kila alasiri. Kijana mzuri, ana adabu. Leo, kwa kuwa ni Ijumaa, alikuwa na swali la ziada kwa mke wangu: Mama, bado uko radhi kumwangalia mzee? Ataliuliza kila Ijumaa. Ndiyo kanuni.

Akanitazama vile mteja anavyotazama kitambaa dukani – mteja asiye na haraka, anayejua kuwa muuzaji ana njaa. Daktari akadhani mtandao umekatika.

"Mama? Unanisikia?"

"Nakusikia, mwanangu. Nafikiri kwanza."

Nilitaka kumjibia, ila hili hata mimi siwezi kumjibia. Mwishowe akasema, "Niko radhi," akanitupia simu kifuani, akaenda kumenya viazi. Anaimba. Sikujua kuwa bado anaimba.

Jumapili, 15 Juni

Nilimwita aje anisogezee chupa ya mkojo. Akajibu kutoka jikoni: saa za kuona wagonjwa zimekwisha.

Nikacheka. Nikaita tena. Akasema hii ni hospitali, Mwalimu, hospitali ina utaratibu, na utaratibu ni wewe uliyetufundisha. Jirani alikuwa naye. Nikamsikia akisema aliye juu mngoje chini, na sufuria ikafunikwa kwa kishindo.

Nilijaribu kuifikia chupa mwenyewe. Mguu wenye saruji ni mzito kuliko mtu anavyodhani. Hauufuati mwili, mwili ndio huufuata. Sikuifikia.

Alikuja baada ya muda na shuka safi. "Pole, kitanda namba moja." Akanigeuza ubavu, akakunja shuka bichi kuelekea mgongoni kwangu, akatandika jipya nusu kwa nusu, vilevile kama nesi alivyoonyesha. Nilitafuta kosa. Hakuna hata moja.

Jumanne, 17 Juni

Habari njema! Damu waliyochukua jana imejibu: kiwango cha uvimbe kimeshuka karibu nusu. Nieleze: mwili ukipigana na bakteria, ini humwaga protini fulani kwenye damu, protini ikipungua, vita vinapoa. Daktari alichekelea kama nimefaulu mtihani. Akasema tukiendelea hivi, goti jipya liko njiani. Nikalipapasa lile la saruji juu ya bendeji, nikaliambia lijiandae kuhama.

Jioni saa ya dawa ikafika, mke wangu hayupo. Namsikia ukutani, kwa jirani, wanacheka. Nikaita. Nikagonga ukuta kwa gongo. Kicheko kikaongezeka. Dawa hii haitaki kucheleweshwa, kwa hiyo nikaamua kuunganisha mwenyewe. Tatizo: mkono mmoja una mrija, unabaki mmoja tu wa kufanya kazi ya miwili. Kifuniko cha mrija kilikuwa kigumu. Nikakivuta kwa meno. Uzi wa pamba ulikuwa umenasa kwenye ncha, nikaupuliza ukaruka. Nikaunganisha. Dawa ikaanza kuingia, safi kabisa.

Kuinua uso, mke wangu kasimama mlangoni. Sijui tangu lini.

"Umemaliza, Mwalimu?"

"Nimemaliza. Unaona? Ni kazi ya dakika mbili kwa mtu anayeelewa anachofanya."

"Naona," akasema.

Alhamisi, 19 Juni

Baridi asubuhi. Baridi ya ajabu, ya ndani ya mifupa, na nje jua limewaka. Nikajipima: 38.6. Nesi alikuwa bado hajafika.

Nikameza panado mbili, nikaomba kitambaa cha maji nijifute paji la uso. Panado haiponyi homa, huificha tu, kama mfuniko unavyoficha chungu kinachochemka. Nalijua hilo, nimelifundisha. Lakini homa ya siku moja si homa. Huenda ni upepo. Na kiwango kimeshuka! Nani hurudi wodini huku kiwango kimeshuka?

Nikamwambia Mama Pacha: nesi akiuliza, na daktari akiuliza, jibu ni moja. Ameamka vizuri, dawa inaingia, homa hana. Basi. Usiongeze neno, wewe ukiongeza maneno unapotea njia.

"Unataka niseme uongo?"

"Nataka useme kwa kifupi."

Nikamkaririsha. Mara ya kwanza aliongeza "kidogo". Mara ya pili alitabasamu, nikamwambia asitabasamu, mtu akitabasamu pasipochekesha hushukiwa. Mara ya nne akapatia.

"Na ukizidiwa je?"

"Hata nikizidiwa. Mpaka nikuambie vingine."

Kipimajoto cha nesi kikasoma 37.2. Tumeshinda!

Ijumaa, 20 Juni

Homa hurudi kila panado inapoisha. Nameza kabla haijaisha.

Nesi alibadilisha bendeji ya mrija. Akamwambia mke wangu ageuze uso pembeni, asiupumulie, kwani kinywani mwa binadamu mna vijidudu kuliko chooni. Na iwapo mgonjwa atatetemeka dawa ikiingia, ajue mrija wenyewe umeshika bakteria. Hapo ni kupiga simu mara moja, maana dawa itakuwa inawasukuma mpaka kwenye moyo. Mke wangu akanitazama kwa muda mrefu. Sikuongeza maelezo.

Alasiri lile swali. Safari hii hakufikiri. "Niko radhi kabisa, daktari. Hata akikaa mwaka." Daktari akamsifu, akasema laiti wagonjwa wote wangekuwa na mtu kama Mama. Mke wangu akamshukuru kwa unyenyekevu. Hakutabasamu.

Jumamosi, 21 Juni

Sina hamu ya kula. Goti halinisumbui. Kichwa kizito. Nesi kaja na haraka zake, ana wagonjwa wengine wawili mtaa wa pili. 37.4.

Jumapili, 22 Juni

Leo nesi haji. Mke wangu ameniunganisha asubuhi, mikono kaiosha vizuri sana, uso kaugeuza pembeni. Dawa haijaingia hata robo, nikaanza kutetemeka. Si baridi ile. Kitanda kizima kinatikisika, nguzo ya dripu inacheza, meno hayashikiki. 40.1. Nimemeza panado, nimeitapika.

Najua ni nini. Siwezi kujifanya sijui.

Nimemwambia: Mama Pacha, basi. Daktari akipiga, mweleze ukweli. Wodini nitaenda. Mguu wauchukue wakitaka.

Akaketi ukingoni mwa kitanda. Tangu nirudi hajawahi kuketi hapa.

"Siku zote hizi unanikaririsha, Mwalimu," akasema taratibu. "Mtihani umefika, ndiyo unabadilisha majibu?"

"Nakuomba, mke wangu."

"Wewe una homa. Mtu mwenye homa huweweseka. Nitajuaje lipi ni lako na lipi ni la homa?"

Akanifuta uso kwa kitambaa cha baridi. Mkono mwepesi! Akanifunika mpaka kidevuni, akanipa daftari hili na kalamu, akasema niandike, nikiandika hutulia. Kisha akaichukua simu, eti chaji inakaribia kwisha, na mlango akaurudisha. Mgonjwa anahitaji utulivu.

Nimeita. Sauti haifiki hata mlangoni, inaangukia hapa shukani. Mrija una kibanio cha kuuziba; kidole hakitii, kinateleza. Chupa bado inasukuma. Gongo liko upande wa pili. Mwandiko huu siutambui.

Alasiri imefika. Simu inalia jikoni.

Ameipokea. Kiti kimevutwa. Namsikia vizuri, kuliko siku zote – ameamka vizuri, anasema, dawa inaingia, homa hana. Hajaongeza neno. Hajakosea hata mahali pamoja.

Daktari anauliza jambo jingine, refu kidogo.

"Hapana, mwanangu," anasema, "hajalala. Anaandika."