Magadi Yote Yamo

Mama yangu,

Shikamoo. Naomba barua hii ikukute umeketi, si umesimama jikoni. Goti linaendeleaje? Baba anakula? Mimi ni mzima, alhamdulillahi, ila baridi ya huku Ujerumani imenipasua midomo, halafu nina hasira. Ninayo tangu Jumatatu, na ni tamu, Mama, sitaki iishe upesi.

Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara tatu. "Wallahi mwanangu, Shebe kaja, kaketi pale barazani, kaomba na maji ya kunywa!" Eti amejenga tanuri jipya kubwa la kioo hapo Ngamiani, anamtaka "yule binti yenu msomi" amshauri kuhusu mchanga. Nimecheka peke yangu mpaka wenzangu wa maabara wakageuka. Mlango uleule aliowakataza watu wake wasiupite! Kisha ukaniuliza kama nakubali umwendee mwalimu, naye Shebe asomewe halbadiri, ile dua ya kumwapiza mwenye kosa, aonje alichotuonjesha. Ngoja kwanza nikueleze.

Unayakumbuka yote, lakini nataka yawe kwenye karatasi. Nilikuwa kidato cha pili. Baba ndiye alikuwa fundi wa Shebe, anachanganya mchanga wa Moa, magadi na chokaa, anayeyusha kioo. Mchanga alikuwa akiuosha mara tatu kwa maji ya bomba, kisha anaweka chembe ulimini. Akionja chumvi, anaosha tena. Mwaka ule Mfunguo Sita, mwezi wa Maulidi, ulikuwa umekaribia, msikiti unangoja vikombe vya taa, na maji yakakatika. Baba akasema wangoje. Shebe akasema, "Tia hivyo hivyo, mchanga ni mchanga." Baba akatia. Ukatoka moshi mweupe unaochoma macho, na siku ya pili yake chungu cha kuyeyushia kikapasuka, kioo kikamwagika chini, tanuri likafa.

Shebe akatangaza kwamba Baba ameiba magadi, ndiyo maana kazi imeharibika. Ijumaa, baada ya sala, mwalimu akasoma halbadiri msikitini ili mwizi ajulikane. Haukwisha mwezi, Baba akaanguka uani, upande wa kushoto ukapooza. Mji mzima ukasema imempata. Majirani wakakata mguu. Harusi ya nyumba ya pili hatukualikwa, tukasikia vigelegele kupitia ukutani, nawe ukawa unapepeta mchele uliokwisha kupepetwa.

Sasa sikia. Kazi yangu huku ni kujua kinachotokea ndani ya moto. Kwa joto lile jicho halioni kitu, kwa hiyo tunapitisha mwanga juu ya chungu kidogo. Kila gesi inayotoka humeza sehemu yake ya mwanga, mashine inachora mistari, nasi tunasoma ni gesi gani imetoka na imetoka lini. Wenyewe wanaiita spektroskopia. Kaka alinitumia mchanga wa Moa. Nusu nikauosha mara tatu, nikauonja, profesa wangu akanitazama kama mwehu. Nusu nikautia hivyo hivyo. Ule uliooshwa ulitulia. Ule mwingine ulitoa asidi ya chumvi, mstari wake umesimama wazi, ndiyo iliyomchoma Baba macho. Nilipokifungua chungu, kilikuwa kimeliwa kwa ndani.

Hilo lilitosha kumuaibisha Shebe, lakini mimi sikutaka aibu ndogo. Unakikumbuka kigae cha chungu cha Baba, kile ulichokuwa ukiegemezea mtungi? Nilipokiomba uliniuliza kama Ulaya hakuna mawe. Kimegandiwa na kioo cha siku ileile. Magadi yangekuwa yameibwa, mchanga usingeyeyuka, yangebaki mabonge. Kioo kile kimeyeyuka sawasawa. Jumatatu nilikipima, nikakilinganisha na kioo nilichotengeneza kwa kipimo cha Baba. Hakikupungua kitu. Magadi yote yamo.

Kwa hiyo usimsomee, Mama. Halbadiri ikimpata, atalala kitandani watu wamuonee huruma. Mimi namtaka mzima, masikio wazi, kanzu imepigwa pasi. Mwambie nimekubali kumshauri. Ushauri wangu ni ukurasa mmoja, nimeuambatanisha, una kisa chote na mchanga wote. Utasomwa Ijumaa baada ya sala, na mwalimu yuleyule, mbele ya watu walewale, Shebe akiwa amesimama mbele. Akikataa, atie mchanga wake hivyo hivyo, tanuri jipya limfie mbele ya wageni aliowaalika. Nitafurahi. Mungu anisamehe, nitafurahi sana.

Nisalimie shangazi wa Moa, aliyekuwa akituletea samaki wakati hakuna mtu anayebisha hodi. Kaka akirudi kutoka Horohoro mwambie mchanga wake ulifika, japo watu wa forodha huku waliudhani dawa za kulevya. Mpe hongera jirani wa nyumba ya pili, nasikia anamwoza mtoto mwingine. Safari hii wakikualika, nawe usiende.

Limebaki moja, nalo ndilo linalonitoa machozi. Nilipokuja likizo nilimsikia Baba kwenye mkeka wa sala akimwomba Mungu msamaha kwa ajili ya magadi. Nikamwambia, "Baba, wewe hukuchukua." Akanijibu, "Labda nilichukua nikasahau, mwanangu. Mbona ilinipata?" Shebe alimchukulia kazi na jina, hayo nitamdai Ijumaa. Lakini kumfanya Baba asijiamini mwenyewe, hilo simsamehe hata akisimama juani mwaka mzima.

Basi kabla ya Ijumaa, kabla ya mtu yeyote, keti kuliani kwake umsomee barua hii. Najua atabisha. Humu nimetia vikaratasi viwili vya mchanga, cheupe kina uliooshwa, cha buluu kina usiooshwa. Usimwambie upi ni upi. Mwekee chembe ulimini, kimoja baada ya kingine, kisha unyamaze. Fundi atajua mwenyewe kilichopasua chungu.

Mwanao anayekupenda,
Mwanaidi