Nimelala Nikisimamia Mtihani

Shoga, nimelala. Mbele ya darasa zima. Nikisimamia mtihani!

Unajua hii mimba ya miezi minane na miguu yangu ilivyovimba. Nikasema nikae dakika mbili tu, nipumzishe kiuno. Dakika mbili!

Kushtuka, mwalimu mkuu huyo mlangoni. Na kiranja wa darasa, yule binti mkorofi ninayekulalamikia kila siku, ameweka kidole mdomoni, anamwambia, "Polepole, Mwalimu. Amelala."

AMELALA! Nilitamani ardhi inimeze.

Natazama saa, mtihani umekwisha zamani. Karatasi zimekusanywa, zimepangwa mezani. Hakuna aliyetoka. Wanafunzi arobaini wametulia kama maji mtungini.

Mkuu akanitoa nje. "Si uliniambia una nguvu za kumaliza muhula?"

Nikasema ninazo.

"Ziko wapi, mama?"

Hapo machozi yakanitoka, shoga. Nimekuwa nikijikaza ili likizo yote niitumie na mtoto, na mwili umenisaliti.

Akasema, "Likizo yako inaanza leo. Mtihani watarudia kesho, nitausimamia mimi."

Watarudia kwa sababu yangu! Nikarudi darasani kuwaomba radhi. Hakuna aliyenuna.

Kiranja akanibebea mkoba hadi getini. Nikamuuliza kwa nini hawakuniamsha.

Akasema, "Ulikuwa umechoka, Mwalimu. Ulikoroma, lakini nilimkataza kila mtu kucheka."